Jina Kwenye Kibao cha Supu

Hanoi, 3 Agosti 1997

Kwa Kaka Quýnh,

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo wetu wote, walio hai na marehemu wa kwenye madhabahu ya nyumbani, kwamba leo asubuhi mimi Thoa, binti wa mwisho wa marehemu Bi Chắt wa Huế, nimekunywa kahawa yenye yai ndani yake, na sijafa. Naomba tangazo hili lisomwe kwa sauti wakati wa chakula, kila mtu akiwa ameweka vijiti vyake chini.

Baada ya hayo, salamu. Hujambo, Kaka? Wifi Sương hajambo? Goti lake je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Mimi sijambo. Binamu Lụa anawasalimu sana. Amenenepa, na mkahawa wake umekonda: ukitaka kufika unapita kwenye kichochoro, unapishana na pikipiki ya jirani, unapanda ngazi zenye giza, ndipo unakuta watu wazima wamekaa kwenye vigoda vya plastiki, magoti usawa wa masikio, wanatazamana kama wanaongojea hukumu. Lụa anakoroga kiini cha yai na maziwa mazito ya kopo mpaka kinakuwa povu la manjano, kisha analilaza juu ya kahawa. Nilimuuliza, "Hii ni kinywaji au keki?" Akasema, "Nyinyi watu wa Huế, mkipewa kitu kikubwa kuliko kidole gumba mnaogopa."

Jana alinipeleka kula supu kwa mama mmoja maarufu kwa matusi. Watu wanapanga foleni kutukanwa. Nilikuwa bado natafuta pa kukaa, akanipigia kelele: "We mama, umekuja kula au kukagua nyumba?" Nikaomba pilipili. "Pilipili? Onja kwanza! Kama umekuja kujichoma, nenda kwa mganga!" Nilionja. Kaka, supu ni nzuri. Nilitukanwa tena wakati wa kuondoka, kwa kubakiza tambi.

Kitu kimoja kimenishangaza huku. Kila duka la chakula lina jina la mtu anayepika. Kwa Bi Fulani, anapika Bi Fulani. Ukichungulia jikoni, unamkuta Bi Fulani mwenyewe, jasho linamtoka. Desturi ngeni kabisa. Nimeona nikuandikie kwa kuwa najua unapenda mambo ya maarifa.

Usiwe na wasiwasi na duka. Kila kitu kipo mahali pake jikoni. Mkishusha turubai asubuhi msisahau kufunga kamba ya upande wa mto, inalegea. Mengine yote utayaweza. Mwenye jina hashindwi.

Nitarudi wiki ijayo, au baada yake.

Mdogo wako,
Thoa


Huế, 19 Agosti 1997

Mdogo wangu Thoa,

Barua yako imefika na imesomwa wakati wa chakula kama ulivyoagiza. Wifi yako alicheka hata akapaliwa. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa natafuna.

Sote hatujambo. Goti la wifi yako limetabiri mvua, mvua ikanyesha mtaa wa pili. Turubai tumefunga kamba zote, hata ile ya upande wa mto. Unaona? Nyumba haijaanguka.

Uliondoka hapa ukisema ni wiki mbili, kupumzika na kuonja mikahawa. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kalenda ya ukutani ninayo. Vilevile sisemi kwamba uliondoka siku ya tatu baada ya kibao kipya kukauka rangi. Kibao cha Mama kilikuwa kimeoza, kila mtu alikiona. Kipya kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara: SUPU YA NYAMA YA QUÝNH. Duka linahitaji jina la mtu aliye hai. Mimi ni mtoto wa kiume wa pekee, na mimi ndiye ninayewasha udi wa Mama. Fundi wa rangi aliuliza, "Niandike nani?" Nikamwambia. Ungekuwepo karibu ungesema, lakini ulikuwa jikoni.

Biashara inakwenda vizuri, pengine vizuri mno. Zamani watu walibanana hapa mpaka viwiko vinaingia kwenye bakuli la jirani. Siku hizi wanapata nafasi ya kunyoosha miguu. Mzee Cảnh, yule karani wa reli, bado anakuja alfajiri na kukaa meza ileile tangu enzi za Mama. Juzi alionja kijiko cha kwanza, akanitazama kwa huruma, akauliza, "Kuna mgonjwa ndani?"

Nikamwambia, "Hakuna, mzee. Kwa nini?"

"Aa, nimeuliza tu," akasema, akala mbogamboga tu, supu akaiacha.

Wifi yako anauliza, kwa udadisi wake tu, mimi sina shida: lile rojo la uduvi uliochacha, linaingia kwenye sufuria lini? Na ni lazima linuke vile?

Furahia mayai yako.

Kaka yako,
Quýnh


Hanoi, 11 Septemba 1997

Kaka Quýnh,

Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa nakula.

Salamu kwa Wifi na kwa goti. Mimi mzima. Lụa mzima, ila amegombana na mwenye pikipiki na sasa wanapishana bila kusalimiana kwenye kichochoro chenye upana wa mlango, jambo linalotaka ufundi.

Nimeshazunguka sana. Nimekula nyama ya kuchoma iliyozamishwa kwenye mchuzi wa siki, wachomaji wamekaa kando ya barabara wanapepea moshi machoni pa wapita njia, na hilo ndilo tangazo lao la biashara. Nimekula supu yao ya tambi pana, nyeupe, safi, ya adabu, kama mtu aliyevaa shati la kwenda ofisini. Hawana pilipili ya maana. Wanakuletea siki yenye vitunguu saumu na kukuambia ujitahidi. Nimekunywa kahawa kwenye mkahawa wa ziwani ambako kichujio cha bati kinadondosha tone moja moja, na vijana wanne walikaa na kikombe kimoja asubuhi nzima. Mwenye mkahawa aliwauliza kama wangependa waletewe godoro.

Sasa habari nyingine, ndogo. Jumapili moja mvua ilitufungia ndani, nikamwambia Lụa anunue mifupa, mchaichai na pilipili, niwapikie yeye na jirani zake supu yetu. Jirani mmoja akamwita mwingine. Yule wa pikipiki naye alikuja, akala amempa Lụa mgongo, akaomba bakuli la pili kupitia mtu wa tatu. Jumapili iliyofuata walikuja wenyewe bila kuitwa. Lụa amechana boksi la maziwa, ameandika kwa makaa THOA WA HUẾ, ametundika mlangoni. Herufi zimekaa upande kama zinateremka ngazi. Nilimwambia atoe. Akasema, "Kwani anayepika nani?" Basi, lipo mpaka leo.

Anasema chumba cha chini kiko wazi, na nikitaka kukaa kabisa, niseme.

Kuhusu uduvi: mwambie Wifi, kwa kuwa mwenye shida ni yeye, amuulize mwenye kibao.

Mwezi wa kumi na moja tunamkumbuka Mama. Natumaini mmeanza kupanga nani atapika. Ukoo mzima utakuja, na Shangazi yetu anayeishi Kim Long atakuja na ulimi wake.

Mdogo wako,
Thoa


Huế, 5 Oktoba 1997

Mdogo wangu Thoa,

Hatujambo, na maji hayajambo pia. Mto umepanda mpaka kizingitini, umechungulia ndani, haukupenda ulichokiona, umerudi. Tumeinua magunia ya mchele juu ya kitanda na sisi tumelala chini. Turubai limechanika pembeni, tumelishona. Goti la wifi yako lilisema jua.

Nimefurahi kusikia kuhusu boksi la maziwa. Ni maendeleo makubwa kwa ukoo uliowahi kumpikia mfalme, kama Shangazi anavyosema kila akishiba.

Huku pia kuna habari. Yule mama wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anauza chaza na wali, ameanza kuuza supu ya nyama. Supu yake ni maji ya kuoshea vyombo. Nasema kwa uhakika kwa sababu nilikula bakuli, na kwa kuwa sipendi kumhukumu mtu kwa haraka, nikala la pili. Nilikuta wateja wetu kadhaa pale. Waliinamisha vichwa kwenye mabakuli kana kwamba wamedondosha kitu. Mzee Cảnh hakuwepo. Mzee Cảnh bado anakuja kwangu, anakaa, anaagiza chai.

Umetaja siku ya Mama. Mimi nilidhani jambo hilo linajulikana. Miaka yote limejulikana. Bakuli la kwanza linakwenda kwa Mama, udi unaungua, ndipo watu wanakula. Siwezi kuweka chochote tu pale juu ya madhabahu. Mtu aliyekuwa anatema supu ya watu wengine alipokuwa hai, unadhani sasa amelegea?

Siongezi neno. Njia ya reli ipo, na ina pande mbili.

Kaka yako,
Quýnh

Wifi yangu, naongeza hapa chini kaka yako akiwa anafunga turubai. Usiisome barua hii kwa maneno yake. Rojo la uduvi alilikoroga na mashapo yake yote akalimwaga lote kwenye sufuria, mtaa mzima ukafunga madirisha. Nilimwambia, "Si ungeandika umuulize vizuri?" Akasema, "Nimuulize mdogo wangu jinsi ya kupika supu yangu?" Nadhani hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe. Kuhusu kibao: amekipandia ngazi mara nyingi siku hizi. Anakitazama, anashuka. Juzi alipanda na msumari mdomoni, akakishusha, akakaa nacho mapajani, akakirudisha. Nilijifanya nachambua mboga. — Sương


Hanoi, 28 Oktoba 1997

Kaka Quýnh,

Natumaini hamjambo. Tangu nikuandikie mwezi wa tisa sijapata jibu. Lụa anasema posta inalaumu maji, na reli inalaumu posta. Mimi silaumu mtu. Nimekuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Sina habari za chakula safari hii. Ukishakunywa kahawa ya yai mara nyingi, inakuwa kahawa na yai.

Lụa anataka jibu la chumba cha chini mwisho wa mwezi huu. Ameshapata meza. Jirani wa pikipiki amejitolea kupaka ukuta rangi, wameanza kusalimiana. Ni chumba kizuri, kina bomba ndani. Nimemwambia nitajibu barua ya nyumbani ikifika. Kila asubuhi ananitazama, namwambia haijafika, anarudi kukoroga mayai yake. Leo hakunitazama.

Kaka, Mama alipoanza kutetemeka mikono, alinishika hapa, kwenye kifundo, akaupeleka mkono wangu mpaka juu ya sufuria, akasema, "Kuanzia leo onja wewe." Ulikuwepo. Ulikuwa unafunga turubai, lakini ulikuwepo. Hakusema kitu kuhusu mbao wala rangi. Basi mimi nikadhani mengine hayahitaji kusemwa.

Nimeshaandika zaidi ya nilivyotaka. Salamu kwa Wifi.

Thoa


Hanoi, 16 Novemba 1997

Mdogo wangu Thoa,

Salamu kutoka Hanoi. Ndiyo, Hanoi. Nimekaa kwenye kigoda cha plastiki cha binamu Lụa, magoti yamefika masikioni, na mtu niliyemfuata hayupo.

Naeleza kwa utaratibu. Barua yako ya Oktoba ilifika ikiwa imelowa, nyingine zikiwa zimegandana nayo. Wifi yako aliisoma kabla yangu, akaweka nguo zangu kwenye mfuko, akaweka mfuko mlangoni, akasema, "Treni ni jioni." Nilikuwa na hotuba. Niliifanyia mazoezi njia nzima, mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Nimepanda ngazi za Lụa, nimepumua, nikaanza, "Mdogo wangu, mimi kama kaka…" Lụa akanikata: "Mwenyewe ameondoka juzi jioni. Barua yako ya mwezi wa kumi ilipofika, aliisoma mpaka kule chini alikoandika mke wako, akacheka, akalia kidogo, akaanza kukunja nguo. Aliniambia chumba nimpe mwingine."

Juzi jioni! Ndiyo jioni niliyoondoka mimi. Sasa nakumbuka: alfajiri pale stesheni ya Vinh treni yetu iliwekwa pembeni, ingoje ile ya kutoka Hanoi kwenda kusini ipite. Ikasimama dirisha kwa dirisha. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke mwenye kofia, anakula hindi la kuchemsha kama mtu aliyetoka kifungoni. Nikasema moyoni, huyu hana mtu kwao wa kumfundisha adabu. Nilimkazia macho. Akafunga dirisha.

Hotuba sitaiandika. Ilikuwa nzuri, hutaisikia.

Nimekunywa ile kahawa. Nimeona haya kuipenda. Lụa alinipeleka pia kwa yule mama wa matusi. Nilipoomba pilipili alisema, "Mwingine wa Huế! Juzi alikuja dada mmoja hivyohivyo, lakini yule alikuwa na akili, alirudi kesho yake." Nilijibu kwamba yule ni mdogo wangu, na kwamba hakuna mtu anayepika supu ya nyama kumzidi kutoka hapa mpaka rasi ya kusini. Nilisema kwa sauti, kidogo nilijishangaa. Yule mama akaniambia, "Sasa unaniambia mimi ya nini? Kamwambie yeye, ukae chini, unaziba njia."

Jambo moja la kiufundi. Ukifika nyumbani utakuta kibao kimebadilika. Usilifikirie vingine. Mvua ilikuwa imeharibu rangi, ilibidi kiandikwe upya, na fundi alibakiwa na rangi nyekundu kidogo mno. QUÝNH ni herufi tano, tena moja ina mkia na nyingine ina alama kichwani. THOA ni nne. Nimefanya kwa kubana matumizi.

Nitapanda treni ya kesho kutwa, kwa hiyo barua hii huenda tutashuka nayo pamoja. Nitawahi siku ya Mama. Usimruhusu Shangazi akae karibu na sufuria.

Kaka yako,
Quýnh


Huế, 16 Novemba 1997

Kaka Quýnh,

Nakuandikia kwa anwani ya Lụa ingawa sijui kama itakukuta. Wifi anasema ulikwenda kunichukua. Tunashukuru. Nimefika salama bila kuchukuliwa.

Anasema uliondoka jioni ileile niliyoondoka mimi; basi yule aliyenikazia macho dirishani pale Vinh ni wewe? Nilimwambia jirani yangu wa kiti, "Tazama lile zee linavyokodoa macho, halijawahi kuona hindi." Kumbe ni damu yangu. Sikuwa nimekula tangu mchana, nilikuwa na wasiwasi.

Nyumbani wote hawajambo. Goti limenyamaza. Nilichemsha mifupa, nikalikoroga lile rojo la uduvi kwenye maji, nikayaweka kando mpaka mashapo yakalala chini, nikamimina maji ya juu peke yake. Basi, ndiyo siri yote, sasa unayo. Leo asubuhi watu wamebanana, viwiko kwenye mabakuli. Yule mama wa ng'ambo alikuja mwenyewe, akala akamaliza, akasema anarudi kwenye chaza wake. Nikamwekea nyama ya ziada.

Kuhusu kibao. Nilikiona jana jioni nilipofika, duka likiwa limefungwa. Nilisimama barabarani na mfuko wangu. Wifi alitoka akanikuta hapo, akachukua mfuko. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukuambia, yote yamenitoka. Herufi zimenyooka. Rangi iliyobaki, nimeiona kwenye kopo nyuma ya jiko, inatosha kuandika majina ya ukoo mzima, lakini sitasema kitu.

Leo, nikiwa na furaha zangu, nilimuuliza Mzee Cảnh anakionaje kibao kipya. Alikuwa kwenye bakuli la pili. Akainua kichwa.

"Kibao gani?"

"Hiki cha juu ya mlango, mzee. Chenye jina langu."

"Kwani kilikuwepo kibao?"

Nikamuuliza fundi baiskeli aliyekaa nyuma yake. Naye hajui. Wanasema wao wanakuja pale penye nguzo ya umeme iliyopinda, basi. Nikaona wananitania. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikageuka kutazama.

Kaka, tukishusha turubai, kibao hakionekani. Na turubai tunalishusha kila siku kabla ya kufungua.

Thoa